Albamu ya ndizi: kwa nini inakukwaruza, na ufanye nini nayo

*"Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Mwanza, na mwisho wa juma hupiga dansi na wenzangu. Kila nikisoma habari za muziki wa roki naambiwa albamu ya kwanza ya Velvet Underground, ile yenye ndizi kwenye jalada, ni kati ya albamu kubwa za karne iliyopita. Rafiki alinirushia kwa WhatsApp. Nimeisikiliza kwenye spika ya simu, na mara ya mwisho kwa hedifoni, sauti juu kabisa. Nasikia msumari unakwaruza bati na mtu anaimba kama anaongea. Faili limeharibika, au hawa watu hawakujua kupiga? Tangu juzi sikio la kushoto linavuma. Tena nilisoma kwamba gitaa lao lilityuniwa nyuzi zote noti moja. Nikajaribu kwenye gitaa langu la akustika, nikazivuta zote zifike E. Uzi wa tatu ukakatika, na wa tano naogopa hata kuugusa. Niendelee na muziki huu au niachane nao?"*

Ndugu yangu, albamu itasubiri. Tuanze na sikio.

Mvumo unaobaki baada ya sauti kubwa mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Wako umefika hapo bila kuisha, tena uko upande mmoja tu, na hizo ni sababu mbili za kwenda hospitali sasa badala ya kungoja. Mwanza mna hospitali ya rufaa ya Bugando. Ulizia kitengo cha masikio, pua na koo. Kabla hujatoka nyumbani pokea simu kwa sikio la kulia, kisha la kushoto. Kama kushoto unasikia hafifu, au sauti inakuja kama imezibwa, nenda leo hii na uwaambie hivyo mapokezi, kwa sababu usikivu unaopotea ghafla hutibika vizuri zaidi katika siku za mwanzo. Inawezekana pia ni nta tu imeziba, na daktari ataiona kwa dakika moja. Usitie mafuta wala kijiti cha pamba.

Kilichotokea kinaeleweka. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Kipimo kinachotumika sana kwa usalama wa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukifika 100, muda salama ni dakika 15. Hedifoni nyingi za simu zikifunguliwa mpaka mwisho hufika hapo, na albamu hii ina takriban dakika 48. Mpaka daktari akuruhusu, usivae hedifoni, na usikae mbele ya spika za kanisani.

Sasa faili. Siwezi kulihukumu bila kulisikia, lakini wewe unaweza kulipima. Jumlisha ukubwa wa nyimbo zote 11. Zikiwa karibu MB 115, una kbps 320 (kiasi cha data kwa kila sekunde ya sauti), na hakuna cha kulaumu. Karibu MB 46 ni kbps 128, inavumilika. Ukikuta MB 23 au chini ya hapo, futa ulitafute upya. Programu inayobana sauti hutupa kile inachodhani sikio halitakigundua. Kwa sauti safi, kama filimbi au mwimbaji mmoja, kazi hiyo hufanyika vizuri. Mkwaruzo, hata hivyo, una nguvu kwenye masafa yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo programu inakosa cha kutupa, inatupa hovyo, na unabaki na mlio wa maji maji unaoyumba. Albamu yenye fujo huumia kwa kubanwa kuliko albamu ya kwaya.

Hata faili likiwa zima, spika ya simu imekunyima nusu ya muziki, na hapa ndipo nadhani shida yako kubwa ilipo. Spika ile ndogo huanza kuishiwa nguvu chini ya Hz 300 hadi 400 (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde). Besi ya gitaa huanza Hz 41. Maureen Tucker, mpiga ngoma wa kundi hili, alipiga amesimama, akilaza ngoma kubwa ubavu na kuipiga kwa juu kwa virungu laini, na matoazi aliyaepuka karibu kabisa. Mapigo yake mengi yako chini, mahali ambapo simu haifiki. Kinachopita kwenye simu ni viola (ndugu mkubwa wa fidla) na magitaa yaliyokwaruzwa, bila ardhi ya kusimamia. Ukiipiga albamu hiyohiyo kwenye sabufa ya sebuleni, sauti ya wastani, trebo umepunguza kidogo, utasikia pigo la moyo chini ya yale makelele, na makelele yenyewe yatapata maana. Hakikisha pia spika zote mbili zinafanya kazi. Albamu ilitolewa kwa mono (sauti ileile kwenye spika zote) na kwa stereo. Kwenye stereo vyombo vimetawanywa kushoto na kulia, na spika moja ikifa kuna vitu hutavisikia. Mono imeshikamana zaidi, na kwa anayeanza mimi naiona bora.

Umeuliza kama walijua kupiga. Walijua, na sisemi hivi kwa sababu wamekuwa maarufu. John Cale, mpiga viola wao, alitoka Wales, akasomea muziki katika chuo cha Goldsmiths jijini London, kisha mwaka 1963 akaenda Marekani kwa ufadhili wa masomo huko Tanglewood, kituo cha muziki. Mwaka huohuo alikuwa kati ya wapiga piano waliopokezana jijini New York kurudia kipande kifupi cha mtunzi Mfaransa Erik Satie kwa zaidi ya saa 18, onyesho lililoandaliwa na mtunzi Mmarekani John Cage. Baadaye aliingia kundi la mtunzi La Monte Young, ambako kazi ilikuwa kushika noti moja au mbili kwa muda mrefu mno na kusikiliza yanayotokea ndani yake. Kwa ajili hiyo alichonga daraja la viola yake liwe bapa ili upinde uguse nyuzi kadhaa kwa pamoja, akaifunga nyuzi za gitaa na mandolini. Lou Reed, mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi mkuu wao, yeye alisomea Chuo Kikuu cha Syracuse, na kabla ya kundi aliajiriwa na kampuni ya Pickwick kutunga nyimbo za haraka za kuiga mitindo iliyokuwa ikitamba. Sterling Morrison alishika gitaa na besi. Nico, mwimbaji mzaliwa wa Ujerumani, aliletwa na upande wa Andy Warhol, mchoraji maarufu aliyekuwa meneja wao, na anaongoza nyimbo tatu tu.

Kwa hiyo mkwaruzo ule ni uamuzi. Walikutana mtu wa nyimbo fupi zenye hadithi na mtu wa noti isiyoisha, wakakataa kuchagua kimoja.

Mazingira ya kurekodi nayo yaliacha alama. Sehemu kubwa ilifanyika kwa siku chache tu Aprili 1966, katika studio chakavu ya Scepter jijini New York, ndani ya jengo ambalo baadaye lilikuja kuwa disko la Studio 54. Mwezi Mei wakarudia nyimbo tatu Hollywood, katika studio ya TTG, na Novemba wakaongeza "Sunday Morning" chini ya prodyuza Tom Wilson. Jalada linasema prodyuza ni Warhol. Usilichukulie kama ungesema prodyuza leo, hakugusa mitambo. Alichokitoa ni jina na kinga: kwa kuwa msanii mkubwa amekaa chumbani, hakuna fundi aliyethubutu kuwaambia vijana wapunguze. Ndiyo sababu unasikia amplifaya zimevuka uwezo wake. Amplifaya ikizidiwa hukata vilele vya mawimbi, na kila wimbi lililokatwa huzaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwepo kwenye uzi. Wahandisi wengi wa wakati ule wangesimamisha mashine na kuanza upya.

Na wala si wewe wa kwanza kukereka. Desemba 1965 mgahawa mmoja wa Greenwich Village, Café Bizarre, uliwaambia wasirudie "The Black Angel's Death Song". Wakairudia, wakafukuzwa. Albamu ilipotoka Machi 1967 kupitia kampuni ya Verve, vituo vya redio viliikwepa, mtu aliyeonekana kwenye picha ya jalada la nyuma akadai haki yake mpaka nakala zikaondolewa madukani kwa muda, na kwenye chati ya Billboard haikupanda zaidi ya nafasi ya 171. Sifa zilikuja baadaye, na zilikuja zaidi kupitia wanamuziki. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Wapo wasikilizaji makini ambao hadi leo hawaipendi, na sababu zao ni za kweli: sauti ya Nico huwachosha wengine, sauti ya rekodi si safi, na kuna nyimbo mbili ambazo hata mimi ninayeipenda siwezi kuzitetea sana. "Run Run Run" ni ya kawaida. "European Son" ina dakika karibu nane, na baada ya ule mshindo maarufu wa kiti cha chuma na sahani mwanzoni, inarefuka kuliko mawazo yaliyomo.

Jambo moja lazima nikwambie wewe mtu wa kwaya. Maneno yake ni mazito. Kuna ununuzi wa dawa za kulevya, kuna kujidunga sindano, kuna mapenzi ya mijeledi yaliyochukuliwa kutoka riwaya ya mwandishi wa Austria, Sacher-Masoch, ya karne ya 19. Reed alisimulia bila kusifu na bila kuhubiri, kama mwandishi wa hadithi anavyomwacha mhusika aseme. Wengine wanaiona hiyo ndiyo heshima ya albamu, wengine wanasema kukaa kimya hivyo ni hatari. Amua mwenyewe, ila usiipige watoto wakiwa sebuleni.

Kwako wewe kuna kikwazo kingine, ambacho mashabiki wa Ulaya na Marekani hawataweza kukwambia. Umezoea dansi. Katika dansi unajua wimbo utaimbwa kwanza, kisha chemko litafunguka, solo litapanda, na kodi za gitaa zitazunguka kwa mpangilio unaoutarajia. Sikio lako linangoja zamu hiyo. Kwenye albamu hii kodi karibu hazisogei, na ukikaa unangoja zisogee utachoka. Mabadiliko yanapita mahali pengine: kasi, unene wa sauti, idadi ya vitu vinavyovuma kwa wakati mmoja.

Chukua "Heroin", dakika saba na kidogo. Kodi ni mbili tu kutoka mwanzo hadi mwisho, D na G, na unaweza kuzipiga usingizini. Usizifuate. Fuata ngoma. Inaanza pole, inakimbia, inarudi pole, inakimbia tena zaidi ya mara ya kwanza. Sasa fuata viola: inaingia kwa noti moja ndefu, inakaa humo mpaka unaisahau, halafu karibu na mwisho inapasuka. Na katika ile fujo ya dakika ya tano hivi utasikia ngoma imenyamaza kabisa. Tucker mwenyewe alieleza kwamba hakuweza tena kuwasikia wenzake, akaacha kupiga akidhani nao watasimama. Hawakusimama, naye akaingia tena. Waliibakiza hivyo, na pengo lile limeufanya wimbo uwe kama umepoteza nafasi ya kukanyaga, jambo ambalo maneno yanalisimulia wakati huohuo. Ukisikia hapo, umeshaielewa albamu, hata kama hutaipenda.

Usianze na huo, lakini. Ukishapata ruhusa ya daktari, anza na "Sunday Morning", yenye selesta ya Cale, kinanda kinacholia kama kengele ndogo, na "I'll Be Your Mirror", dakika mbili na kidogo za upole mtupu. Hizo zitakuhakikishia kwamba walijua kutunga. Siku nyingine weka "I'm Waiting for the Man", upige rithimu pamoja nayo. Piano na gitaa zinagonga pigo lilelile bila huruma, na mkono wako utaelewa kabla ya sikio. Kisha "All Tomorrow's Parties". Mimi nauweka wimbo huu juu ya mingine yote. Piano yake ina mlio wa chuma kwa sababu Cale alipitisha mnyororo wa klipu za karatasi kati ya nyuzi zake, na sauti ya Nico, ambayo kwingine hukaa kama imeganda, hapa inatosha kabisa. Baada yake "Venus in Furs", ndipo "Heroin". "The Black Angel's Death Song" na "European Son" ziache mpaka utakapozitamani, na usipozitamani hakuna deni. Ukijaribu haya yote na bado hakuna kitu, jaribu albamu yao ya tatu, ya mwaka 1969, ambayo Cale hayumo na imetulia sana. Usiende kwenye ya pili ya 1968 ukitafuta nafuu. Ile ni kali kuliko hii.

Tuje kwenye gitaa. Uzi wa tano ulionao sasa, kama umeuvuta kutoka A hadi E ya juu yake, urudishe leo. Kaa uso ukiwa mbali, zungusha ufunguo polepole, nusu mzunguko kwa mara. Kila freti moja unayopandisha huongeza masafa kwa karibu asilimia 6, na mvuto wa uzi hukua kwa mraba wa masafa, yaani karibu asilimia 12 kila freti. Uzi wa tano umepanda freti saba: mvuto wake sasa ni mara mbili na robo ya kawaida. Uzi wa tatu, kutoka G hadi E ya juu, ni freti tisa, karibu mara tatu. Tena kwenye magitaa mengi ya akustika uzi wa tatu umezungushiwa waya wa shaba. Waya huo unaongeza uzito bila kubeba mzigo, na mzigo wote unabaki kwenye kiini chembamba cha chuma. Ulikuwa lazima ukatike.

Mbinu yenyewe ni ya kweli. Reed aliitumia kwanza kwenye wimbo wake wa Pickwick wa 1964, "The Ostrich", na kwenye albamu hii imo katika "Venus in Furs" na "All Tomorrow's Parties". Ila noti moja haimaanishi kuvuta kila uzi juu. Ni noti moja katika oktava tofauti, na kwa gitaa lako D ni salama kuliko E.

Nunua nyuzi moja moja, si seti. Kama kawaida unafunga seti ya 12 hadi 53 (namba ni unene wa uzi kwa elfu za inchi), fanya hivi. Wa sita, namba 53, ushushe freti mbili ufike D ya chini kabisa, Hz 73. Wa tano ondoa namba 42, weka namba 32, yaani uzi uleule wa nafasi ya nne, utyuni D ya Hz 147. Wa nne usiuguse, tayari ni D. Nafasi ya tatu na ya pili weka uzi mtupu namba 14, kila mmoja D ya Hz 294. Wa kwanza, namba 12, ushushe freti mbili, nao utafika Hz 294. Ukijumlisha mvuto wote unapata sawa na wa kawaida au pungufu kidogo, kwa hiyo shingo na daraja havitaumia. Nyuzi nyembamba zitacheza ndani ya mifereji iliyochongwa kwa ajili ya nyuzi nene. Zikilia dzzz, weka kipande chembamba cha karatasi kwenye mfereji. Usijaribu kinyume chake, kulazimisha uzi mnene kwenye mfereji mwembamba: utanasa, na hautakaa kwenye noti. Nyuzi mpya hulegea, kwa hiyo tyuni, zivute kidogo kwa vidole, tyuni tena, mpaka zitulie.

Sasa haribu kidogo. Acha uzi wa tano juu ya wa nne kwa kiasi cha robo ya freti. Mmoja utakuwa karibu Hz 147 na mwingine 149, na tofauti hiyo ya 2 utaisikia kama mpwito, mara mbili kila sekunde. Mpwito huo ndio uhai wa sauti hii. Programu ya simu ikikupa nyuzi zilizo sawa kabisa, gitaa litalala. Piga rithimu moja bila kukata, melodi itembee kwa kidole kimoja kilicholala juu ya nyuzi zote. Ukiwa na mwenzako wa fidla, mwambie ashike D na A kwa upinde mrefu, asiache.

Kabla ya kufunga nyuzi hizo mpya, kagua madhara ya jaribio la kwanza. Chukua karatasi ya kawaida, jaribu kuipenyeza chini ya daraja la gitaa, upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeanza kuachia. Pima pia nafasi kati ya uzi wa sita na freti ya 12: milimita 2 hadi 3 ni kawaida, ikizidi 4 na haikuwa hivyo zamani, mbao imevutwa. Likitokea lolote kati ya hayo, legeza nyuzi zote na umpelekee fundi wa magitaa. Usimwage gundi ya haraka mwenyewe, maana fundi atalazimika kuikwangua yote kabla ya kubandika upya, na mara nyingi huondoka na mbao.